Dalali wa Nani?

Namba mia na kumi na tatu iliitwa mara mbili na hakuna aliyeinuka. Ukumbi wa ofisi ya ardhi ulikuwa umefurika hadi ngazini, watu wamebana bahasha makwapani, feni moja ikizunguka kwa shida, na karani wa dirisha la nne alikuwa amekwisha kununa tangu asubuhi. Bi Funguo alimgusa bega mwanamume aliyeketi mbele yake.

"Kaka, hiyo si namba yako? Mia na kumi na tatu."

Mwanamume alishtuka, akainuka kwa pupa, bahasha ikamponyoka na karatasi zikatapakaa kati ya miguu ya watu. Akapiga magoti kuziokota. Bi Funguo naye akainama kumsaidia, na rundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake likalia kama njuga.

"Wewe ni askari jela?" mwanamume akauliza akiwa bado chini.

"Dalali. Hizi ni funguo za nyumba za watu."

"Zote hizo, na hakuna hata mmoja ulio wako?"

"Upo mmoja. Huo hauonyeshwi kwa watu wasiojua hata namba yao ya foleni."

Akacheka kwa sauti mpaka karani akamkazia macho na kuita mia na kumi na nne. Ndiyo hivyo, zamu imempita. Akaenda kuchukua namba nyingine, na aliporudi hakukaa mbele tena; alikaa ubavuni mwa Bi Funguo. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa likawa kama karatasi, miwani ya fremu nyembamba, na vidole vyake vilikuwa safi kupita vya daktari wa meno. Bi Funguo, mwenye miaka thelathini na miwili na gauni la rangi ya haradali ambalo alijua fika linampendeza, alijifanya anasoma tangazo ukutani. Kisha macho yake yakaangukia kadi iliyokuwa juu ya karatasi za yule bwana. Ilikuwa na maandishi ya dhahabu: Mtaalamu Mkuu wa Nyumba na Viwanja, Mwanachama wa Daraja la Dhahabu, Mshauri Aliyethibitishwa. Baada ya jina zilifuata herufi tano, kila moja na nukta yake.

"Huyu ndiye dalali wako?"

"Ndiye. Wanamwita Profesa. Ametoka nje kupokea simu."

"Na herufi hizi zina maana gani?"

"Sijamwuliza. Mtu akiwa na herufi nyingi hivyo, nani atamwuliza?"

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi miwani. Nasaga vioo, napima macho."

"Basi herufi ndiyo kazi yako. Mtu akikwambia anaziona zote ukutani, unamwamini, au unamwambia azisome?"

Fundi Miwani aliivua miwani yake, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Namwambia azisome," akakiri.

"Haya. Cheti kinasema mtu alikaa darasani. Uanachama unasema alilipa ada ya chama. Leseni ni kitu kingine: inasema kuna bodi inayomjua, na akikudhulumu una pa kwenda kumshtaki. Mwulize namba ya leseni. Halafu mwulize analipwa na nani."

Profesa akaingia wakati huo huo, suti ya kijivu, marashi yakimtangulia hatua tatu. Fundi Miwani, kwa haya ya mtu aliyelelewa vizuri, aliuliza swali lake kama anayeomba radhi. Profesa hakukasirika hata kidogo. Alicheka, akafungua mkoba, akatoa karatasi nzito yenye muhuri mwekundu na utepe. "Mjomba wako mwenyewe nimemtafutia nyumba, bwana mdogo. Unataka kuniuliza leseni kama trafiki?"

Bi Funguo aliiona ile karatasi. Kilikuwa cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili. Mdomo ukamwasha, lakini akaumeza ulimi. Angesema, angeonekana dalali anayemnyang'anya mwenzake mteja. Tena, kusema kweli, alikuwa hataki mwanamume huyu awe mteja wake. Alitaka awe kitu kingine.

Na ikawa. Fundi alimpigia jioni ile ile, kwa namba aliyomwomba kabla hawajaachana.

"Bi Funguo, nisaidie, nimefungiwa nje."

"Nje ya wapi?"

"Ya moyo wako."

"Tafuta fundi kufuli. Mimi ni dalali, sivunji milango."

"Sasa si uje na lile rundo lako tujaribu mmoja mmoja?"

Miezi miwili ikapita hivyo, kwa simu za mchana na juisi za jioni, na Jumapili walizotembea hadi visigino vikauma. Walikuwa na mwiko mmoja waliojiwekea wenyewe: kazi haiingii katika mapenzi. Yeye hakutaja wateja wake, na Fundi hakutaja nyumba anazotembezwa na Profesa. Kitu kimoja tu Fundi alimwambia, siku moja dukani kwake, mashine ya kusagia vioo ikiwa imezimwa.

"Mama anapofuka," alisema. "Ni presha ya macho. Mwanga unamfungia kutoka pembeni, kila mwezi tundu linazidi kuwa dogo. Mimi natengenezea mji mzima miwani, na mama yangu mwenyewe hakuna kioo kitakachomsaidia. Daktari anasema labda mwaka, labda chini ya hapo. Na tunapokaa ni ghorofa ya tatu, mwenye nyumba amesema tutoke mwisho wa mwezi ujao. Nataka nyumba ya chini, mpenzi. Aizoee sasa, angali anaona. Ajue mlango uko wapi, bafu liko wapi. Nikichelewa, atahamia gizani."

Bi Funguo alimshika mkono.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya Jumanne, aliegesha gari la ofisi mbele ya nyumba ndogo yenye baraza, nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu, na ambaye alikuwa mteja wake tangu mwaka ulipoanza. Bosi alimwambia kuna mnunuzi anakuja na dalali wake. Alikuwa akichagua ufunguo alipoyasikia marashi. Kuinua kichwa, Profesa huyo. Nyuma yake Fundi Miwani, amemshika mkono mwanamke mrefu wa gauni la kijani, anayekanyaga kwa tahadhari.

Walitazamana. Fundi alifungua kinywa kwa furaha, lakini Bi Funguo alitikisa kichwa kidogo tu.

"Karibuni," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. "Kabla hatujaingia niseme: mimi ni dalali wa mwenye nyumba. Sio wenu. Nitajibu kila swali kuhusu nyumba kwa kweli, lakini ninayemsimamia ni yeye."

Akawatembeza. Akawaonyesha jiko, vyumba viwili, bafu lisilo na kizingiti. Chumba cha nyuma akakisema wazi kwamba hupitisha maji mvua ikizidi, doa lile hapo juu ndilo. Profesa akamkata jicho. Mama yake Fundi alikuwa akipitisha kiganja ukutani polepole, huku akihesabu hatua kwa midomo.

Bi Funguo alipofika ofisini hakuketi. Alienda moja kwa moja kwa Bosi, mzee mnene ambaye leseni yake ilitundikwa juu ya kichwa chake kama picha ya harusi.

"Bosi, mnunuzi wa nyumba ya Mwalimu ni mtu wangu. Nakusudia mpenzi wangu."

"Ala! Hongera." Bosi alisogeza kiti mbele. "Basi wewe unajua ana haraka kiasi gani."

"Ndiyo maana natoka kwenye faili hili. Aliyoniambia, aliniambia mimi. Hakuwa anaiambia ofisi. Na ya Mwalimu ninayoyajua sitayapeleka kwake. Siwezi kukaa pande mbili."

"Binti, hilo faili umelihangaikia miezi mitano. Ukitoka, fungu lako linaondoka nawe."

"Liondoke."

Akaandika barua, akaisaini, akampigia Mwalimu na kumweleza vile vile. Mwalimu akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Wengi wasingesema." Faili likaenda kwa Bosi mwenyewe. Bi Funguo alitoka akanunua maji baridi, akayanywa yote akiwa amesimama. Alidhani gumu limekwisha.

Alikosea. Alhamisi Fundi alimwita dukani. Mashine ilikuwa ikizunguka, maji yakidondoka juu ya kioo, na hakuizima alipoingia.

"Mwalimu ameitisha bei nisiyoifikia," alisema. "Nimebakiza kidogo tu, lakini sifiki. Profesa anasema nikaze, lakini hajui mwisho wake ni wapi. Wewe unajua."

"Mpenzi, usiniulize."

"Siombi unipunguzie. Naomba neno moja tu. Atashuka hadi wapi?"

"Nimeshatoka kwenye faili, lakini siri niliyoipata kwake bado ni yake."

"Ni mama yangu!"

"Najua."

"Unajua! Unajua halafu unanisomea kanuni." Sasa akaizima mashine. "Kama unanipenda, niambie. Mimi ni nani kwako?"

Machozi yalimlenga Bi Funguo, lakini hakuyaruhusu. "Wewe ndiye ninayetaka kuzeeka naye. Na nikikuuzia siri ya Mwalimu leo, kesho utalalaje ukijua yako ninayo? Nitashindwaje kuiuza?"

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa bado hakijakamilika. "Haya," alisema. "Nenda."

Ijumaa saa tano na nusu simu ililia. Bi Funguo aliiwahi kabla haijalia mara ya pili.

"Hongera," sauti ya Fundi ilikuwa ya chini, imekauka. "Siri ya Mwalimu ilikushinda kuitoa. Yangu haikukushinda."

"Unasema nini?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Ameniambia usoni: 'Najua mama yako anapoteza macho, najua mnatolewa mwisho wa mwezi. Nyumba isiyo na ngazi utaipata wapi?' Maneno hayo hayo. Hayo niliyokwambia wewe, hapa, ukiwa umenishika mkono."

"Sikumwambia. Wallahi sikumwambia Mwalimu, sikumwambia Bosi, sikumwambia mtu."

"Waliojua ni wawili. Mimi na wewe."

"Na Profesa?"

"Profesa ni dalali wangu!"

"Anayelipwa na nani?"

"Usianze."

"Nakuuliza kama nilivyokuambia umwulize yeye, siku ya kwanza. Analipwa na nani? Una karatasi yake yoyote uliyosaini?"

"Angalau yeye hajawahi kunishika mkono," Fundi alisema, na simu ikakatika.

Alipiga mara tatu. Haikupokelewa. Hasira ilimpanda, na heri hasira, kwa sababu ilimpa miguu. Alichukua mkoba akaenda bodi ya madalali, jengo la ghorofa mbili lenye lango la kijani, mahali alipofanyia mtihani wake mara mbili kabla ya kufaulu. Karani wa daftari alimsikiliza, akatafuta kwa jina, akatafuta kwa namba ile ya kwenye kadi ya dhahabu. Akageuza kompyuta ili aone mwenyewe.

"Hayumo, dada. Na namba hii si ya kwetu. Hii ni namba ya uanachama wa chama fulani cha watu binafsi. Anayelipa anapewa."

"Labda leseni yake imeisha?"

"Iliyoisha ingeonekana, na tarehe yake. Huyu hajawahi kuwemo."

Bi Funguo alijaza fomu ya malalamiko palepale. Kisha akaandika ujumbe kwa Fundi, akaufuta, akaandika tena mfupi: *Nenda bodini ukalitazame jina la Profesa. Daftari liko wazi kwa kila mtu, hawalipishi. Sikuombi uniamini mimi.* Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja. Halikuja Jumamosi, wala Jumapili, na Jumatatu asubuhi alijikuta anaitazama simu kama mtu anayetazama chungu kisichochemka. Bosi akapita mezani kwake akamwambia, bila ubaya, kwamba mnunuzi amekubali kujikamua. Ataongeza kwa kuuza mashine yake moja ya dukani. Kusaini ni Jumatano saa nne.

Mashine yake. Bi Funguo aliingia msalani akafungulia bomba ili asisikike.

Jumanne mchana mlango wa ofisi ulifunguliwa polepole. Kiganja kilitangulia kikishika fremu, kisha gauni la kijani. Mama alikuwa amekuja peke yake kwa teksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa mbele yangu hasa, sio pembeni. Siku hizi natazama dunia kupitia bomba." Alimtazama kwa muda, akatabasamu. "Ndiyo. Ni wewe. Mwanangu amekonda, na wewe umekonda, na mimi ndiye mgonjwa."

"Mama, mimi sikusema..."

"Najua hukusema. Ungesema, nisingekuja." Akashusha sauti. "Siku tuliyorudi kupima madirisha, mwanangu yuko ndani na futi kamba, mimi niko barazani nimekaa kimya. Yule bwana wa marashi akazunguka pembeni na simu yake. 'Mwalimu, shikilia bei hiyo hiyo,' anasema. 'Kijana hana pa kwenda, mama yake anapofuka. Ila na mimi usinisahau.' Aliniona nimekaa pale. Watu wakijua huoni, wanadhani na masikio yamekwenda."

Bi Funguo aliziba mdomo kwa mkono. "Hukumwambia mwanao?"

"Nikimwambia nyumbani atampigia simu, na yule atampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu ametoka kwa mjomba wake. Mwanangu ana heshima nyingi mno. Nataka kusema mbele yao wote. Nifundishe tu niulize nini."

Hapo Bi Funguo alisita. Huyu alikuwa upande wa mnunuzi. Na yeye, faili au hapana faili, bado alikula mkate wa ofisi ya muuzaji. Akapima moyoni. Siri ya Mwalimu ilikuwa siri. Lakini daftari la bodi lilikuwa la umma, hata mpita njia ana haki nalo.

"Mwulize namba ya leseni, mama," alisema. "Na umwombe Bosi wetu aipigie bodi. Simu iwe mezani, kila mtu asikie. Zaidi ya hapo siwezi."

"Hilo linatosha," Mama alisema, akaanza kuitafuta mikono ya kiti ili ainuke.

Chumba cha mikutano kilikuwa na ukuta wa kioo. Jumatano saa nne Bi Funguo alikaa mezani kwake nje, mbele ya kompyuta ambayo hakuisoma. Aliwaona wakiingia: Mwalimu na kilemba chake cheupe, Bosi na kalamu mbili, Profesa, safari hii suti ya bluu. Fundi Miwani aliingia wa mwisho na mama yake. Alikuwa hajanyoa. Hakugeuka.

Mama ndiye aliyegeuka. "Mlango huo uacheni wazi," alisema kwa sauti. "Nataka na yule binti asikie."

Bosi alianza kusoma mkataba. Mama akainua kiganja.

"Samahani, bwana. Kabla mwanangu hajasaini. Profesa, hebu nisomee namba yako ya leseni, macho yangu mabovu."

"Mama, haya tulishayamaliza siku nyingi," Profesa alicheka.

"Wewe na mwanangu mlimaliza. Mimi ndio naanza."

Fundi alimgusa mkono. "Mama..."

"Tulia, baba. Nisomee, bwana."

Profesa akasoma namba ya kwenye kadi, haraka haraka. Mama akamgeukia Bosi na kumwomba aipigie bodi. Hata mpokea wageni aliacha kupiga muhuri. Bosi alijipangusa shingo. Alijua, na Bi Funguo alijua kwamba anajua, kuwa ofisi yenye leseni ikikaa meza moja na asiyekuwa nayo, itakayofutwa ni leseni ile ya ukutani. Akapiga. Simu ikalia mara nne, mara tano. Sauti ya karani ikatoka, ikaomba namba, ikaomba jina, ikasema subiri. Profesa alianza kupanga karatasi zake.

"Hayumo," sauti ilisema. "Tena wiki iliyopita tumepokea malalamiko juu yake. Mnafanya naye biashara?"

Fundi Miwani alimtazama Profesa kama anayemwona mara ya kwanza.

"Na wewe, Mwalimu," Mama alisema, sasa kwa upole. "Habari za macho yangu nani alikuambia?"

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, aibu ilikuwa usoni mwake waziwazi. "Huyu hapa. Alinipigia simu mwenyewe. Akasema nishikilie, tofauti tutagawana. Nilidhani ni mtu wa ofisi hii, mwenzake wa binti yule." Akausukuma mkataba mbali. "Nimefundisha watoto miaka thelathini. Sitauza nyumba kwa macho ya mama wa mtu. Kijana, ile bei uliyosema mwanzo ndiyo ile ile niliyokuwa tayari kuipokea. Bosi, andika hiyo."

Profesa alisema ana kikao kingine. Alipita mbele ya meza ya Bi Funguo bila kumtazama, marashi yakabaki nyuma yake kwa muda kama mtu mwingine.

Ndipo Fundi alipogeuka. Alimtazama kupitia kioo, akainuka nusu. Lakini Bi Funguo alikuwa amekwisha chukua mkoba na funguo. Alikuwa na mteja wa saa sita upande mwingine wa mji. Kwa kweli mteja alikuwa wa saa nane, lakini alitembea kwa haraka kama aliyechelewa.

Simu ililia mara kumi na moja. Hakuipokea hata moja. Saa saba na nusu, akiwa katika chumba kitupu cha ghorofa ya nne anafungua madirisha, alisikia mtu akipanda ngazi na kuhema. Bosi, mzee yule, ndiye aliyemwambia alipo.

Fundi Miwani alisimama mlangoni, shati limelowa, miwani imejaa ukungu wa jasho. Hakuivua.

"Sistahili kuingia," alisema.

"Sio nyumba yangu, siwezi kukukaribisha wala kukufukuza."

"Nilikwenda bodini Jumatatu. Nilifika langoni. Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningelikuta jina lake halimo, ningejua nimekufanyia nini." "Niliogopa hilo kuliko kupoteza mashine."

Bi Funguo aliendelea kufungua dirisha ambalo komeo lake lilikuwa limekwama. "Uliniomba nimsaliti mteja wangu. Nilipokataa ukaniita msaliti. Yote ndani ya siku mbili. Unajua nilivyokaa na simu tangu Ijumaa?"

"Sijui. Niambie."

Akamwambia. Alimwambia yote, msalani na bomba lililofunguliwa, fungu alilolipoteza, ujumbe uliosomwa bila kujibiwa, na sauti ilimpanda mpaka ikarudi kutoka kwenye kuta tupu. Fundi hakujitetea. Alisimama pale pale mlangoni akayapokea, moja baada ya jingine. Alipomaliza, komeo nalo likaachia ghafla na upepo ukaingia.

"Na mimi nina langu," Bi Funguo alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile pale ofisi ya ardhi, nilikiona cheti chake. Kilikuwa cha semina. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu nilikupenda na sikutaka uone natafuta kazi kwako. Ningesema, yote haya yasingekuwepo."

"Ungesema, nisingekusikia. Alikuwa na utepe." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Nilimwamini kwa sababu kila siku aliniambia nilichotaka kusikia. Wewe ndiye pekee aliyeniambia hapana. Bi Funguo, nataka mtu wa kuniambia hapana nyumbani kwangu. Maisha yangu yote. Nioe... yaani, nikuoe. Unaona, hata kusema siwezi."

Bi Funguo alishika fremu ya dirisha. Maumivu ya siku tano yalikuwa bado ya moto, na furaha ilikuwa inayasukuma bila kuyashinda.

"Sijibu leo," alisema.

"Sawa."

"Sio hapana. Ila sijibu leo."

"Sawa, mpenzi. Sawa."

Hodi ikasikika ngazini, nyuma ya Fundi. Mteja wa saa nane alikuwa amewahi, na mke wake na watoto watatu. "Samahani," mteja aliuliza akimtazama Fundi, "na huyu bwana naye anaitaka?"

"Anaitaka nyingine," Bi Funguo alijibu, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Karibuni. Tuanze na jikoni."

Siku tisa zikapita. Walizungumza kila siku, kwa tahadhari, kama watu wanaojifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu. Hakumwuliza tena, naye hakugusia. Fundi na mama yake walihamia siku ya Jumamosi. Jumapili asubuhi Bi Funguo alikuwa anatembea kwenda sokoni, jua bado changa, kikapu mkononi, mawazo yakiwa mbali, na katikati ya barabara ya soko, kati ya wauza nyanya na gari la taka, alijua. Hakukuwa na sababu mpya. Hofu ilikuwa imechoka tu, ikakaa chini. Akatoa simu.

"Umelala?"

"Napanga vyombo. Mama amenikataza kuweka kabati pale nilipotaka. Kuna nini, mbona unahema?"

"Ndiyo."

"Ndiyo unahema?"

"Ndiyo ya lile swali."

Kisha kitu kikaanguka upande wa pili, sahani au mbili, na sauti ya Fundi ikipaza mbali na simu: "Mama! Mama, amekubali!" Ukasikika mburuto wa ndala, mtu akija polepole lakini bila kugonga kitu, chumba hadi chumba, na simu ikabadilisha mkono.

"Mwanangu?" sauti ya Mama ilisema. "Umefikiri vizuri? Anakoroma huyu. Nisije nikaambiwa sikusema."

Bi Funguo alisimama hapo hapo na kikapu chake kitupu, akacheka mpaka muuza nyanya naye akaanza kucheka bila kujua anachekea nini.